Wimbo Usikatike Bondeni

Harufu ya tende zinazochemka huingia nyumbani mwangu hapa Ibra, Omani, kila kiangazi, na kila inapoingia mwili wangu hutangulia kuogopa kabla akili haijakumbuka kwa nini. Si harufu mbaya. Ni tamu na nzito, ina moshi wa makuti ya mtende ndani yake, na wanangu waliozaliwa hapa wakiisikia humeza mate. Ni tende za mabsali, zinazochumwa zingali za manjano, zikachemshwa katika masufuria makubwa ya shaba, kisha zikaanikwa juani mpaka zikajikunja na kuwa ngumu. Kazi hiyo tunaiita tabsili. Kwa wengine ni harufu ya msimu na ya mapato. Kwangu ni harufu ya ghala lenye giza, ya sakafu inayonata miguuni, na ya mtu aliyepanda farasi wa kijivu akiimba huku nyuma yake wanateremka watu wanaokuja kumuua.

Tulifika Ibra kutoka Unguja, baada ya mapinduzi, nikiwa na umri wa miaka tisa, pamoja na mama na kaka yangu Nasor, aliyenizidi miaka michache. Baba alibaki nyuma. Hakuruhusiwa kuondoka, na hakuna aliyejua kama ataruhusiwa. Watu wazima walipomtaja walishusha sauti, nami niliisoma hofu katika kule kushusha sauti kuliko katika maneno yenyewe. Katika mji tuliouacha nilikwisha kuona watu wenye bunduki wakisimama mlangoni kwetu, na nilijua mlango unavyogongwa na mtu ambaye hakuja kwa heri. Hapa milango ilikuwa minene zaidi na kuta zilikuwa pana, lakini hofu ilikuja nasi ndani ya mizigo. Niliogopa upepo uliovuma kutoka upande wa mchanga. Niliogopa maji ya falaj, ule mfereji uliopita chini ya ukuta wa ua, kwa kuwa niliyasikia yakinong'ona na sikuyaona. Niliogopa Kiarabu, kwa sababu kila mtu alikisema kwa sauti ya juu nikadhani tunakaripiwa. Zaidi ya yote nilimwogopa Shangazi Thuwaiba, shangazi yake baba, mwenye nyumba ile. Hakuwahi kutoka Ibra maishani mwake, hakujua Kiswahili, na alivaa barakoa usoni hata sikuweza kujua ni lini amekasirika.

Na nchi yenyewe niliiona haina rangi. Mtoto aliyelelewa penye migomba na mikarafuu huamka asubuhi akidhani dunia nzima ni ya kijani. Milima ya Ibra ni ya kijivu, na kivuli kikiiangukia huwa nyeusi, na hapana jani juu yake. Nilimwuliza mama kama milima ile imeungua. Mama alisema haikuungua, ndivyo Mwenyezi Mungu alivyoiumba, na kwamba macho yangu yatazoea. Yalizoea, alhamdulillahi, na leo sioni milima mizuri kuliko hiyo. Lakini kiangazi kile yalikuwa bado.

Mjomba Mbarak, kaka yake mama, alitutangulia kufika. Unguja alikuwa akiendesha mashine katika jumba la sinema, na alipoondoka alibeba mashine ndogo ya kuonyeshea na bati moja lenye mkanda wa filamu. Bati la pili, lenye nusu ya mwisho ya filamu hiyo hiyo, lilibaki bandarini katika msukosuko wa safari na halikuonekana tena. Mchana, chumba pekee chenye giza la kutosha kilikuwa ghala la tende, ambalo halikuwa na dirisha. Mjomba alitandika shuka jeupe ukutani, akaunganisha mashine na jenereta lililokuwa likisukuma maji ya shamba, na baada ya swala ya alasiri, wafanyakazi wa tabsili walipokuwa wakingoja moto upoe, aliwaita waingie. Watoto tulikaa mbele juu ya makanda ya tende, wanaume pembeni, wanawake nyuma karibu na mlango. Joto lilikuwa kali, na asali ya tende ilichuruzika kutoka kwenye makanda mpaka chini ya nyayo zetu.

Filamu ilikuwa ya makauboi, nyeusi na nyeupe, na yule mkubwa wao alikuwa mtu wa kuimba. Kabla ya kila hatari alichukua gitaa lake akaimba juu ya farasi, kana kwamba hatari ni mgeni wa kukaribishwa. Tatizo ni kwamba kipaza sauti cha mashine kilivunjika njiani. Mdomo ulifumbuka na tukasikia jenereta tu. Mjomba hakubabaika. Alimgeukia Nasor akamwambia, "Wewe si unasoma maulidi? Basi akifumbua mdomo, imba."

Nasor akaimba. Hakujua Kiingereza, na hata angalijua asingeweza kubahatisha yale maneno, basi akatunga yake. Ulikuwa wimbo wa punda asiyetaka kwenda: kapewa tende hataki kwenda, kapewa maji hataki kwenda, mwiteni Mjomba amsukume. Katikati aliwatia wafanyakazi kwa majina yao, na wao, wasiojua Kiswahili, walipoyasikia majina yao yakitoka kinywani mwa kauboi walicheka mpaka wakapaliwa na moshi. Hata skafu ya shingoni mwa yule mtu Nasor aliiimba kuwa ni ya manjano, manjano ya mabsali kabla ya kupikwa, na tangu siku hiyo sikuiona ya kijivu tena. Nilipotazama milima iliyokuwa nyuma ya farasi niliona ni hii hii ya kwetu. Nilidhani kauboi yule anapita nyuma ya shamba la Shangazi.

Lakini filamu ilikuwa na bonde. Mwisho wa mkanda wetu mtu yule aliingia katika bonde jembamba, peke yake, akaimba. Nyuma yake, mmoja mmoja, waliteremka wapanda farasi waliojifunga vitambaa usoni, wakiwa na bunduki. Yeye hakugeuka. Wao hawakuharakisha. Walikaribia, wakakaribia, kisha shuka likawa jeupe na mkanda ukapigapiga mwisho wake katika mashine. Hatukujua kilichompata. Wafanyakazi waliinuka wakicheka na kurudi kwenye moto, nami nilibaki juu ya makanda, kwa sababu watu wale niliwajua. Ndio wale wale wa mlangoni kwetu, na mtu aliyewapa mgongo nilimjua pia.

Nilimwuliza Nasor, "Watamuua?"

Akaniambia, "Mtu hauawi akiwa anaimba, Salma. Wanamngoja amalize."

Alitaka kunituliza. Badala yake alinipa hofu nyingine, kubwa kuliko ya kwanza, kwa maana sasa niliamini kuwa maisha ya mtu yananing'inia katika pumzi ya kaka yangu. Na kwa akili ya kitoto, mtu wa bondeni na baba wakawa mtu mmoja. Kila mkanda ulipoonyeshwa nilimsihi Nasor asimalize. Naye, bila ya kunicheka, aliurefusha wimbo. Mdomo wa kauboi ulifumba, Nasor akaendelea. Punda alipofika mwisho wa njia alimrudisha mwanzo, mpaka shuka likawa jeupe. Hapo ndipo nilipovuta pumzi, nikajua kwamba baba amepata siku nyingine.

Kisha Nasor akaugua homa. Alilala akitetemeka chini ya mablanketi katika joto lile, midomo imepasuka. Siku hiyo walikuja wageni wa Shangazi kutoka mashamba ya jirani, wakataka kuona hiyo ajabu ya ghalani, na Mjomba hakuweza kuwakatalia wageni. Nilikaa mahali pangu. Kauboi alifumbua mdomo mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Nilijua bonde linakuja. Nilipomwona farasi anaingia kwenye kivuli niliutafuta wimbo wa punda, nikaupata, maneno yote nikayapata, lakini sikuweza kuanza. Wapanda farasi walianza kuteremka. Nakumbuka jasho linaniingia machoni, na sauti ya jenereta, na mimi nimefumbua mdomo kama yule mtu ukutani, na hakuna kinachotoka kwa yeyote kati yetu wawili.

Nyuma yangu, mlangoni, mtu akasema, "Ya Latifu."

Alikuwa Shangazi Thuwaiba, ambaye hakuwahi kuingia kutazama, ambaye kila siku alikaa kizingitini akiwa ametupa mgongo. Sijui aliona nini, ukuta au mtoto aliyekaa mbele ya ukuta. Alilirudia jina hilo la Mwenyezi Mungu, Ewe Mpole, taratibu, na mama akaitikia, na wanawake wakaitikia, kisha wafanyakazi wa tabsili na wageni wa mashamba, mpaka ghala lote likawa sauti moja. Lilikuwa neno la kwanza la Shangazi nililolielewa. Ndilo mama alilokuwa akitusomesha Unguja, tukiwa tumejikunyata nyuma ya kabati, tulipolisikia lango la nje likigongwa. Nami nikaitikia. Tulilisoma mpaka mkanda ukaisha na shuka likawa jeupe.

Nasor alipona. Baba alikuja, tende zikiwa zimekwisha kufungwa, amekonda, na hakutusimulia kitu mpaka alipofariki. Nimekuwa nikisomesha watoto Kur'ani kwa miaka mingi, na najua kwamba ajali ya mtu, yaani saa yake ya kufa, haingoji wimbo uishe wala haiogopi wimbo. Nimelisomesha hilo kwa ulimi wangu. Lakini hofu ya utotoni hailisikii somo.

Mwaka huu mjukuu wangu Muzna, anayesoma chuo Nizwa, alilikuta lile bati la Mjomba katika sanduku langu, akalisoma jina la filamu, na kwa siku chache akaipata yote kwenye mtandao, pamoja na nusu yake ya mwisho. Akaitia rangi kwa kompyuta. Aliniambia kuwa watu wanagombana sana juu ya jambo hilo: wengine wanasema waliotengeneza walijua walichokifanya na vivuli vyao, na kuwapaka rangi marehemu ni kuwadhulumu, wengine wanasema lau wangekuwa na rangi wangeitumia, na vijana hawatazami kitu cha kijivu. Nilimwambia kila upande una neno, ila hakuna aliyetuuliza sisi wa ghalani. Akanionyesha kidogo. Ardhi imekuwa nyekundu, mbingu buluu. Milima ikawa ya nchi ya watu.

"Kitambaa yake ya shingoni nyekundu, Bibi, ona," alisema. Nimeacha kumsahihisha.

"Skafu hiyo ni ya manjano."

"Nani kasema?"

"Kaka yangu."

"Yeye alijuaje?"

"Alimvisha mwenyewe," nikamwambia.

Muzna alitaka tuipeleke Sur, kwa Nasor, imfurahishe. Kaka yangu anaishi Aija, mtaa wa Sur ulio ng'ambo ya hori la bahari, na tangu alipopigwa na kiharusi hasemi. Yeye aliyekuwa akiadhini, sasa akitaka maji hunyoosha mkono wa kushoto. Niliogopa njia nzima. Niliogopa kwamba kauboi wa filamu atafumbua mdomo kwa sauti yake halisi, na ile sauti ya ghalani, ambayo sasa haipo popote isipokuwa kichwani mwangu, itafunikwa. Na niliogopa zaidi kwamba Nasor ataona mdomo ule unafumbuka, atataka kuujaza kama zamani, atashindwa, na sote tutakuwa tunamtazama.

Tulipokwisha kuamkiana na Rahma, mkewe, Muzna akaweka kompyuta mbele ya kiti cha Nasor. Nilimwomba aondoe sauti. "Na rangi, Bibi?" aliuliza, akiwa tayari kuumia. Nikamwambia rangi aiache, ni kazi yake. Filamu ikaenda. Mtu akafumbua mdomo, kimya. Nasor alitazama tu. Bonde likaja, jekundu, na wale watu wakaanza kuteremka, na mimi mzee mwenye wajukuu nikaogopa vile vile. Nikawa nasoma moyoni, Ya Latifu, Ya Latifu.

"Hataki kwenda," Nasor akasema.

Hakusema, aliimba. Sauti ilikuwa ya mzee, imekwaruza, lakini maneno yalitoka mazima: kapewa tende, hataki kwenda. Mkono wa kushoto ulipiga mdundo juu ya kiti. Rahma, aliyekuwa akileta kahawa, aliweka sinia chini. Mdomo wa kauboi ukafumba na Nasor akaendelea, na tulipofika pale ambapo shuka huwa jeupe, picha haikukatika. Muzna akaninong'oneza kama aizime. Nasor alitikisa kichwa, anataka kuona. Mimi nilifumba macho. Nilimsikia kaka yangu akimrudisha punda mwanzo wa njia, tena na tena, mpaka Muzna aliposema kwisha.

Basi Nasor anajua kilichompata yule mtu, na mimi sijui. Nilimwuliza, naye akacheka kwa upande mmoja wa uso, kwa kuwa maneno humjia katika wimbo tu na wimbo wake hauna habari hiyo. Madaktari wanasema huenda mengine yakarudi na huenda yasirudi. Tumeshukuru kwa yaliyopo. Siku zile niliwaogopa wanaokuja. Siku hizi nakiogopa kimya cha upande wa pili wa simu. Kila baada ya alasiri nampigia, Rahma anamwekea simu sikioni, na mimi nakaa hapa Ibra, harufu ya tabsili imejaa ukumbini, namsikiliza punda wake akienda. Kila anapokaribia kumaliza nashika tasbihi yangu kwa nguvu. Kisha namsikia anavuta pumzi na kuanza tena, bila ya mimi kumwomba.