Kutembea Bila Kutumwa

Mimi nimetoka chini kabisa na sioni haya kusema. Pale Al Ras, Dubai, kwenye mitaa ya bizari na magunia, niliingia nikiwa msukuma toroli. Leo nina duka la kusafirisha mizigo kwenda Dar es Salaam na Tanga, nina pikapu zangu, nina vijana wanaoniita bosi. Shule niliacha darasa la nne. Hakuna profesa aliyenifundisha kufunga kabati la vioo likavuka bahari bila mkwaruzo. Kama unadhani natia chumvi, nenda Al Ras uulize Mtanzania wa mizigo. Utaletwa mlangoni kwangu kabla hujamaliza kuuliza.

Nayasema haya mapema ili mtu asinifikirie kuwa mimi ni wa kushindwashindwa. Kilichonishinda ni kimoja, nacho ni njia ya miguu. Vijia vya msituni huko Ufaransa, ambavyo hata mbuzi angevipita.

Mke wangu alikuwa akifanya kazi Mirdif, mtaa mwingine wa mji huohuo, kwa familia ya Kifaransa, akilala hukohuko kama kazi hizo zilivyo. Kila Ijumaa alikuja kwangu Jumeirah Village Circle, kwenye fleti niliyopanga kwa jasho langu, yenye balkoni. Binti yetu alikuwa ameshaolewa Tanga, kwa hiyo tulibaki wawili, watu wazima tunaoonana siku moja kwa wiki kama wachumba.

Kila joto la Dubai lilipoanza kuchoma, familia ile ilikwenda kwao na kumchukua. Mama yake madam, mwajiri wa mke wangu, alikuwa na nyumba ya mawe katika kijiji cha vilimani. Bibi mzee, anaishi peke yake, na ugonjwa wake ulikuwa kutembea. Asubuhi anachukua fimbo, mkate, jibini na chupa ya maji, anaingia msituni, anatokea kijiji cha pili, anakunywa kahawa, anarudi kwa njia nyingine. Wanawe waliogopa ataanguka huko peke yake, wakamwambia mke wangu awe anamfuata.

Mwaka wa kwanza alirudi akilalamikia miguu. Mwaka wa pili alirudi akilalamikia Dubai.

"Baba, huko kuna alama," aliniambia Ijumaa moja, tumekaa chini tunakula ugali na samaki. "Kwenye miti, kwenye mawe, kwenye pembe za nyumba. Mstari mweupe na mwekundu. Ukiufuata hupotei, hata kama Kifaransa hukijui."

"Nani anazichora?"

"Watu tu. Wanakwenda na kopo la rangi na brashi, wanajitolea."

"Na hiyo njia inakwenda wapi?"

"Inakwenda kijijini. Halafu inatoka, inakwenda kijiji kingine."

"Mnafuata nini huko?"

"Hatufuati kitu."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Mimi ni mtu wa Lushoto, nimezaliwa mlimani. Kwetu mtu hapandi kilima bila kutumwa. Anafuata kuni, anapeleka kabichi sokoni, anakwenda msibani. Ukimkuta mtu msituni mikono mitupu unamuuliza amepotelewa na nini. Nikamwambia, "Mama, mimi nimepanda vilima na gunia kichwani tangu sijaota meno ya ukubwani. Hao Wazungu wako wangeniona wangenikodi."

Yeye kwao ni Dodoma, kwenye tambarare na vumbi. Alilamba kidole, akaniangalia. "Ndiyo maana mlima wenu hujawahi kuuona," akasema. "Ulikuwa umebeba gunia."

Nikamega tonge jingine. 

Akaendelea kunisimulia kila Ijumaa, na nikaona uso wake unavyofunguka. Majani yaliyooza mpaka ardhi ikawa laini kama godoro. Vigeti vya ng'ombe ambavyo kila apitaye lazima avifunge nyuma yake. Kanisa dogo katikati ya mashamba lisilofungwa mlango. Bomba la kijijini linalomwaga maji ya baridi mchana kutwa. Lakini kilichomshika zaidi kilikuwa salamu. "Kila mnayekutana naye njiani anakusalimia," alisema. "Mzee, kijana, mwenye mbwa. Wananisalimia mimi kwanza, halafu bibi. Hakuna anayeniuliza niko kwa madam gani."

Nilimnunulia mke wangu vitu vingi vizuri, na kila kitu nilijua duka lake. Hiki sikujua kinauzwa wapi.

Nikajaribu. Mimi si mtu wa kukaa na tatizo. Nikampeleka kwenye jumba la maduka asubuhi, maduka bado yamefungwa, wakati watu wa mazoezi wanazunguka ndani kwenye ubaridi. Tukazunguka. Nikamuuliza, "Unaonaje?"

"Panateleza."

Wiki nyingine nikampeleka Hatta, kwenye milima, nikamwambia basi hii hapa milima, ni ya kwako. Ilikuwa mawe matupu yanayotoa moto. Alitembea kidogo kwa kunihurumia, kisha akakaa kwenye kivuli cha pikapu, akanishukuru kwa adabu kama mgeni. Adabu ile iliniuma kuliko angenitukana.

Mwaka uliofuata mkataba wa sir, mume wa madam, ukaisha. Khalas, imekwisha, familia inarudi kwao moja kwa moja. Madam akamwambia mke wangu: mama amezeeka, njoo ukae naye, tutakutengenezea karatasi za halali za kazi. Alikuja na habari hiyo Ijumaa, hata ushungi hajavua.

"Nimewaambia nitakuuliza," alisema.

"Kazi nzuri?"

"Nzuri. Lakini kama wewe huji, mimi siendi. Tumekaa mbalimbali katika mji mmoja miaka yote hii, sitaki kuanza kukaa mbali katika nchi mbili. Kwa hiyo sema sasa hivi, na usiseme kwa kujitapa. Utakuja?"

"Kuja ni kitu gani?" nikamjibu. "Mtu aliyetoka kwenye toroli mpaka hapa atashindwa na ndege ya saa chache? Nenda. Nitakukuta hukohuko msituni."

Akaniamini. Kwa nini asiniamini? Kila nililosema tangu tuoane nilikuwa nimelifanya.

Alipoondoka nilinunua viatu vya mlimani, vizito, vya kufunga mpaka juu ya kifundo. Jioni nikawa navivaa na kuzunguka barabara za Jumeirah Village Circle, kati ya majengo yasiyokwisha kujengwa, ili mguu uzoee. Mlinzi wetu wa mlangoni, Mkenya mmoja mcheshi, alinikomesha.

"Mzee, hizo viatu ni za kupanda wapi? Lift imeharibika?"

"Naenda Ufaransa."

"Na miguu? Aki mzee, si ungengojea ndege."

Tukacheka wote wawili. Wakati ule nilikuwa bado na cha kuchekea.

Simu za mtandao Dubai hazipiti, kwa hiyo mke wangu alinitumia sauti zilizorekodiwa. Nilizisikiliza dukani, kelele za utepe wa kufungia maboksi zikilia. Anahema, viatu vyake vinakanyaga majani, ndege fulani analia, bibi anasema kitu kwa mbali. "Baba, leo tumepita kwenye msitu wa miti yenye matunda ya miiba. Nimekuchagulia pa kukaa, kuna jiwe." Kila ujumbe alinitengea mahali. Jiwe, benchi mbele ya kanisa, kivuko cha mbao juu ya kijito.

Basi kabla ya kuomba viza nikaenda kwa arbab wangu, mwenyeji wangu wa Kiarabu. Lazima nieleze: duka ni la jasho langu, lakini leseni ina jina lake, na yeye ndiye kafili wangu, mdhamini wangu kisheria, kama ilivyokuwa kwa wengi wetu. Mtu mwema. Kadi yangu ya ukaazi iliandikwa kazi niliyoingilia nchini, mpakiaji mizigo. Sikuwahi kuijali. Nani anasoma kadi ya mtu mwenye pikapu?

"Arbab, niandikie meneja."

Akaweka kikombe chini. "Wallah, meneja ni wewe. Soko zima linajua. Lakini kwa meneja wanataka cheti cha shule, chenye mihuri."

"Cheti cha nini? Waje waone duka."

"Hawaji kuona duka, ya akhi. Wanaona karatasi."

Mimi najua kubishana na mtu. Karatasi sijui unaibishia nini. Nikaenda kuomba viza hivyohivyo, nimevaa suti, viatu vinang'aa. Watu wa Al Ras walinifundisha: sema unakwenda kutazama majengo na kurudi, mke usimtaje kabisa, watadhani hutarudi. Nikawaambia mimi sikuoa kwa siri.

Nyuma ya kioo alikuwa dada mpole.

"Unakwenda kufanya nini, sir?"

"Kutembea msituni na mke wangu."

"Mke wako anafanya nini kule?"

"Anafanya kazi. Anamtunza bibi mzee."

Akaitazama kadi. "Wewe ni mpakiaji mizigo?"

"Mimi ni mwenye duka."

"Hapa pameandikwa mpakiaji."

"Hapo pamechelewa," nikasema. Akatabasamu, akaandika kitu, akanitakia siku njema.

Pasipoti ikarudi bila viza. Madam naye alihangaika upande wa kule, haikusaidia. Mwaka uliofuata niliomba tena, suti ileile, kadi ileile, ikarudi vilevile. Ungeniambia nirudi Lushoto nikaombee huko, ningekujibu kwamba huko nisingekuwa hata mpakiaji. Ningekuwa mtu mzima asiye na kazi anayesema mke wake yuko Ulaya.

Nikamtumia ujumbe. Nikasema wamekataa tena. Sikuongeza neno, na kwangu mimi hilo ni jambo kubwa.

Jibu lake lilikuja mchana, duka limejaa. Nikatoka nje, nikasimama kati ya matoroli, nikaweka simu sikioni. Palikuwa na upepo tu kwanza, na hatua zake, kisha hatua zikasimama.

"Nirudi?"



Nilitaka kusema rudi. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikaona atakavyorudi: madam mwingine, chumba cha kando ya jiko, Ijumaa moja. Kuingia kwenye lifti watu wakitazama juu yake kama hayupo. Na mimi nikimzungusha ndani ya jumba la maduka, nikimuuliza anaonaje.

Nikarekodi jibu, nikafuta. Nikarekodi tena, nikafuta, mpaka sauti ikatoka ile ya bosi.

"Urudi kufanya nini, mama? Huku kazi zimenizidi, hata nafasi ya kukutazama sina. Nafungua duka la pili. Wewe kaa. Tembea."

Duka la pili halikuwapo. Halipo mpaka leo.

Jioni ikaja sauti yake, ndogo. "Haya, baba."

Hakuuliza tena. Ujumbe bado unakuja, kwa nadra, na siku hizi ananiambia bibi ameamkaje na kama kumenyesha. Pa kukaa hanichagulii tena.

Wateja wakiuliza mama yuko wapi, nawajibu yuko Ufaransa, kwa sauti ya kusikika duka zima. Wanasema, "Hongera bosi, umempeleka mbali." Nasema ahsante, nawauliza mzigo wao unakwenda Dar au Tanga.