Wanaume wa Koti Moja

Naapa, haya yote ni kweli tupu. Nikitia chumvi hata punje, mnikate ulimi.

Saa mbili asubuhi. Mama Skana anapuliza vumbi kwenye negativu ya picha ya zamani, anaiinua kwenye mwanga wa dirisha, kisha anailaza juu ya mashine iliyompa jina. Nyuma yake yamebebana maboksi aliyoachiwa na baba yake mdogo, mpiga picha wa mtaa huu kwa miaka thelathini.

"Ndugu walitaka kuyachoma," anasema. "Nikawauliza, mnachoma watu?"

Kazi hii ya kuingiza picha za zamani kwenye kompyuta haijamtajirisha. Mwezi mzuri anapata kodi ya chumba. Mwezi mbaya anashona viraka.

Leo amekuja muuza mboga, mama wa makamo. Baba yake alifariki yeye akiwa bado tumboni. Hajawahi kuiona sura yake. Anachojua ni alichosimuliwa na marehemu mama yake: baba alikuwa fundi rangi, na alipiga picha hapa amevaa koti kubwa jeusi.

"Mwenzangu, koti lilikuwa la studio," Mama Skana anamwambia kwa huruma. "Kila mwanamume alivalishwa hilohilo."

Kompyuta nayo imeingia mkenge. Programu ya kupanga picha zinazofanana imewarundika wanaume zaidi ya sitini pamoja, kana kwamba ni mtu mmoja.

"Sasa nitamjuaje?" anauliza muuza mboga.

"Tuangalie miguuni. Viatu kila mtu alikuja na vyake."

Wanapitia moja moja. Mara Mama Skana anasimama, anakuza: viatu vimejaa matone ya rangi nyeupe. Anapandisha picha taratibu mpaka usoni.

Muuza mboga anajishika masikio. "Jamani! Kumbe haya mapana nimepewa na huyu!" Anacheka huku machozi yakimtoka. "Shikamoo, baba."

Hapo mimi, niliyekaa kwenye benchi pembeni, nikitaka kuwachangamsha, nawaeleza kwamba koti lile hasa lilikuwa langu. Nilishonewa na fundi anayewashonea mawaziri, na studio ikapiga magoti kuliazima.

Mama Skana anageukia kompyuta. Anabonyeza. Kijana mwembamba anatokea kwenye skrini, koti limemmeza, miguuni ndala za rangi mbili tofauti.

"Na huyu nani, mzee?"

"Mawaziri walimnyima viatu!" anadakia muuza mboga.

Mama Skana anapanga kutundika picha zote kwenye ukumbi wa mtaa, watu waje waandike majina chini yake. "Nataka kila mmoja atoke kwenye lile koti akiwa yeye mwenyewe," anasema. Ya kwanza itakuwa ya fundi rangi. "Na fremu atalipa mwenye koti."

Nimelipa. Mbili: ya fundi rangi, na yangu yenye ndala.