Shamba la Nyanya Esha

Jamani, leo nimelia mbele ya wateja wangu hapa Ruiru.

Nilikuwa nauza mahamri. Mama mmoja mzee akaonja, akaniuliza, "Mwanangu, kwenu wapi?"

Nikamtajia kijiji chetu kidogo kule pwani, karibu na Mombasa.

Kumbe aliwahi kufundisha huko!

"Basi wamjua Mwanaesha, aliyetoa shamba lake shule ikajengwa?"

Huyo ni nyanya yangu!

Nilisoma pale miaka minane. Kila asubuhi alinisindikiza, na hakuniambia kitu.

Nikampigia mama.

"Alitukataza tusikwambie," akasema. "Alitaka usome kama watoto wengine."

Natamani nyumbani leo mpaka kifua chauma.

Mlio kijijini, pitieni kaburini kwake kwa niaba yangu. Mwambieni nimejua.