Kebo ya dhahabu iliyotaka kumla mtamba wa Mama Saning'o

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa zangu, shikamooni.

Jana mwenzetu mmoja kauliza kama anunue kebo ya HDMI ya bei mbaya ili picha ya kompyuta yake iwe kali zaidi kwenye TV. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikaona nitamdhulumu.

Ngoja niwape kisa kilichotokea mezani kwangu. Sipunguzi wala siongezi. Na pale nilipofanya uhuni nitapasema mwenyewe kabla hamjanikamata.

Enzi za ruksa nilikuwa fundi redio Korogwe mjini. Mizigo ya nje ilikuwa imeanza kumwagika. Kila wiki kulikuwa na kitu kipya kinachong'aa, na sisi mafundi tulikuwa tunajifunza tukiwa tumeshakishika.

Nilikuwa na rafiki anaitwa Lesikar, mfugaji wa tambarare za Handeni, mbele ya Sindeni. Yeye aliona ng'ombe peke yake hawatoshi, akanunua amplifaya, spika mbili kubwa na jenereta, akawa anapiga muziki kwenye harusi.

Sasa huyu jamaa alikuwa na masikio. Ng'ombe wa boma zima wakichanganyika mtoni, yeye alikuwa anawatambua wa kwake kwa mlio wa kengele tu, hata awape mgongo. Kwao hilo lilijulikana, na yeye hakulificha.

Akapiga harusi moja Mazinde, ikamuaibisha. Muziki ulikuwa unaanza vizuri, halafu besi inakufa. Inarudi, inakufa tena. Vijana wakamzomea, "Mchungaji, rudi machungani!"

Na mwezi uliofuata alikuwa na harusi nyingine hukohuko Mazinde.

Hapo ndipo alipotokea mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya muziki. Akamwambia besi inaliwa na waya. Dawa ni kebo hii hapa, ncha za dhahabu, ndani ya sanduku jeusi lililofungwa utepe mwekundu. Bei? Wakuu, bei ilikuwa mtamba mmoja, tena mwenye mimba. Sanduku likaachwa ofisini kwangu, Lesikar auze ng'ombe mnadani kisha aje alichukue.

Tatizo ni kwamba mtamba aliyepanga kumuuza hakuwa wake. Alikuwa wa mkewe, Mama Saning'o. Alipewa na mama yake siku anaolewa, na kule mwanamke mwenye maziwa yake haombi maziwa ya watoto kwa mtu.

Siku moja kabla ya mnada, mama huyo akanikuta nyumbani Kwamndolwa asubuhi na mapema.

"Shemeji, hiyo kamba ina nini?"

"Shaba, shemeji. Na dhahabu kidogo nchani, nyembamba kama rangi ya kucha."

"Itarudisha besi?"

Nikamwambia ukweli kwamba sidhani.

"Basi mwambie."

"Nimemwambia mara mbili. Kasema mimi nasikia kwa vyeti, yeye anasikia kwa masikio."

Akacheka. Akasema, "Kama ni masikio, tuyaulize hayohayo masikio."

Mchana wakaja wote wawili. Nikafunga kanga katikati ya ofisi. Lesikar na mkewe wakakaa upande wa spika, mimi na amplifaya tukawa nyuma ya kanga. Nikamwambia nitapiga wimbo uleule mara nane. Mara nyingine kwa kebo ya dhahabu, mara nyingine kwa waya nilioukata kwenye pasi mbovu. Kazi yake ni kutaja.

Haya, uhuni wangu ndio huu: sikubadilisha kitu. Mara zote nane ulikuwa waya wa pasi. Nilikuwa nazima, nagongagonga bisibisi mezani, nakohoa kidogo, nawasha tena.

Lesikar alikuwa anajibu bila kusita.

"Pasi hiyo!"

"Dhahabu! Sikia besi inavyotembea. Mama Saning'o, unasikia?"

"Nasikia, baba."

"Pasi. Fundi, hii hata mbuzi anajua."

Alipomaliza, alikuwa ametaja dhahabu mara tano. Nikafungua kanga. Akaniuliza kapata ngapi.

Mimi nikamtazama mkewe. Mama Saning'o akainuka polepole kutoka kwenye kigoda chake. Kumbe hakikuwa kigoda. Alikuwa amelikalia sanduku la kebo, nguo zake zimelifunika, na utepe mwekundu ulikuwa haujaguswa.

Wakuu, Lesikar hakucheka. Alisimama, na fimbo yake mkononi. Nilianza kukumbuka mlango uko wapi.

"Masikio yangu hayakosei," alisema. "Kuna kitu kilibadilika hapa. Washa tena."

Nikawasha. Tukasikiliza kimya. Kweli, baada ya muda besi ikasinyaa. Yeye hakuangalia spika. Aliangalia juu.

"Tazama taa yako, fundi."

Balbu ilikuwa imefifia. Ikarudi, na besi ikarudi nayo. Nyumba ya tatu kutoka kwangu alikuwepo mchomeleaji wa mageti. Kila alipogusa chuma, umeme wetu sote ulishuka.

Miaka yote nimekaa pale, fundi mzima, sikuwahi kusikia kitu kile. Nikamwomba radhi palepale.

Lesikar akakaa, akafikiri. Kisha akamgeukia mkewe. "Mazinde, kwenye jenereta yangu, tulichomeka na nini kingine?"

"Friji la soda la baba mwenye harusi."

"Lile linalonguruma, linanyamaza, linanguruma?"

"Hilohilo."

Hapo ndipo alipocheka, mpaka fimbo ikamdondoka. Sanduku likarudi kwa mwenyewe na utepe wake. Mtamba hakuenda mnadani. Na harusi ya pili Mazinde, Lesikar alilichomoa friji la hapo kwa mkono wake, wageni wakanywa soda za moto na kucheza mpaka vumbi likaomba poo.

Nilichojifunza ni kwamba sikio la mtu si la kudharau. Lesikar alisikia kweli. Alichokosea ni kumtaja mhusika, kwa sababu jina alishapewa na muuzaji.

Kwa hiyo ndugu yangu wa HDMI, usiogope. Kwenye spika, lipia unene wa waya kama unauvuta mbali, na viungio visivyolegea. Basi. Kwenye HDMI kinachopita ni tarakimu. Zikifika, zimefika. Zikikwama utaona picha inakatika au vidoti vinameta. Hakuna kebo inayofanya tarakimu zilezile ziwe tamu zaidi. Angalia tu imeandikwa inabeba kiwango cha TV yako, hasa kama ni ndefu.

Na kama bado unabisha, wala sikukatazi. Mpe mkeo au shemeji yako akubadilishie kebo bila wewe kuona, utaje mara nane, kisha uje utuambie hapa umepata ngapi.

Ila kwanza hakikisha amekalia nini.