Tuzo ya Kichekesho Ilipofika Mnyambe

Harufu ya maganda ya korosho yanayoungua huniwasha pua hata leo, na kila ikinijia namwona Babu ameketi mbele ya televisheni ya jirani yetu Mama Zuhura, kijijini Mnyambe. Msimu ule wa korosho, kila Jumapili jioni kilionyeshwa kichekesho cha mwenye duka bahili na mkewe mjanja. Kiswahili kilimpiga chenga Bibi, kwa hiyo Babu alimtafsiria kwa Chimakonde, akitia chumvi mpaka tafsiri ikachekesha kuliko kichekesho chenyewe. Mimi nilijibana katikati yao nikicheka mara mbili. Tuliposikia kwamba kichekesho chetu kinawania tuzo kubwa, Babu alikiombea utadhani ni mwanawe anayefanya mtihani.

Matokeo hakuyasikia. Alifariki ghafla, korosho zikiwa bado zimetapakaa chini ya mikorosho. Bibi aliketi mkekani, hataki kula. Uji uliletwa ukapoa, ukaletwa mwingine nao ukapoa, na mimi niliogopa kwamba yeye naye ataniacha. Televisheni ya Mama Zuhura ilifunikwa khanga, maana sisi majirani zake tulikuwa na matanga.

Asubuhi moja akaingia Mama Somoe, mtani wetu kutoka Lukuledi. Kwetu mtani ana ruhusa ya kufanya masihara msibani na hakuna wa kumnunia. Alikuwa amevaa koti la Babu, akitembea kwa mikogo ya yule bahili wa kwenye televisheni.

"Mzee, haraka yote hiyo ya nini?" alipaza sauti, kana kwamba anamwita marehemu. "Kichekesho chako kimeshinda! Redio imetangaza. Sasa nani atamdanganya mkeo?"

Kisha akayarudia yote kwa Chimakonde, kwa sauti ya Babu kabisa, na chumvi juu. Bibi alimkazia macho. Mabega yakaanza kumtikisika, kicheko kikamtoka pamoja na machozi.

"Hujui kutafsiri wewe," alimwambia. Akanigeukia. "Mjukuu wangu, lete huo uji."

Aliunywa wote. Sijapata kufurahi namna ile tena.

Sasa naishi Masasi mjini, na Bibi yuko nami. Juzi kichekesho kile kimepewa tuzo nyingine, ya heshima, na vipande vyake vimezagaa kwenye simu. Kiswahili Bibi anakielewa vizuri siku hizi. Binti yangu ndiye anayekiokota Chimakonde neno moja moja. Niliwakuta wameinamia simu yangu, Bibi anatafsiri, mtoto hana mbavu.

"Bibi, hakusema hivyo!"

"Babu yako alisema," Bibi akamjibu, akaendelea kutafsiri.