Kadi Ambayo Sikuigonga

Majina siandiki, lakini vyeo vya watatu wenye lawama nitavitaja. Wa kwanza ni meneja wa wafanyakazi wa kile kiwanda chetu cha beseni na mitungi ya plastiki huko Inda, eneo la viwanda. Wa pili ni katibu wa tawi la chama chetu, ambaye tulimchagua wenyewe kwa kuinua mikono. Wa tatu nitamtaja nikimfikia.

Mimi nilisoma mpaka darasa la sita, kwa hivyo mkataba wa chama na kampuni sikuwahi kuusoma. Ndani yake nilijua kitu kimoja tu: kadi ya hospitali. Mke wangu ana ugonjwa wa sukari, na wakati huo alikuwa na kidonda kwa unyayo wa kushoto. Alitembea siku nzima na kokoto ndani ya kiatu bila kuisikia. Kila Jumanne na Ijumaa alitoka Makina, tulikokuwa tunaishi, akaenda kliniki, akaonyesha kadi, akasafishwa na kufungwa bandeji. Daktari aliniita nje akaniambia, "Mzee, hiki kikikosa kusafishwa wiki mbili, tutaongea mambo mengine." Sikuuliza mambo gani.

Halafu kampuni ikasema kadi itatibu mfanyakazi peke yake, bibi na watoto watolewe. Chama kikakataa. Asubuhi moja tulizima mashine tukaimba kwa saa moja. Kesho yake tulikuta lango lina kufuli mpya, na ile rafu ya kadi za kugonga kwa mashine ya saa, ukiingia na ukitoka, imetolewa ukutani kando ya kibanda cha soja wa lango. Kwetu, kama hujagonga kadi, hukuja kazi, hata usimame hapo mpaka uote mizizi.

Katibu alipanda juu ya jiwe. "Ni wao wametufungia, si sisi tumegoma! Endeni nyumbani mngoje simu yangu. Nisione mtu hapa akibembeleza." Tukapiga makofi. Yangu yalikuwa ya nguvu.

Mtu mmoja tu alikataa, mama wa Kitui aliyekuwa upande wa kupakia. Kila asubuhi alitembea kutoka Kibera mpaka Inda, akamlazimisha soja amwandike kwa kitabu cha wageni. Pale penye sababu ya kuja, akaandikiwa: kazi. Sisi wengine tulikuwa tumeenda kubeba marobota ya mitumba Soko la Toi, na jioni akipita hapo tulimcheka.

"Auntie, leo mgeni alipewa chai?"

"Mgeni gani hutembea na aproni kwa mfuko?"

"Chekeni tu," alisema bila kusimama. "Nyinyi mna katibu. Mimi niko na watoto."

Jumatatu ya wiki ya pili, kabla ya saa mbili, alinipigia simu. "Wewe, kuja mbio. Lango liko wazi. Kadi zimerudishwa ukutani, yako nimeiona kwa macho yangu. Gonga kwanza, maneno baadaye."

Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja na simu yangu hupayuka. Mke wangu alisikia yote, ameketi kitandani, mguu juu ya stuli.

"Nenda," akasema.

"Wacha kwanza nimuulize Katibu."

"Kwani Katibu ndiye ana kidonda?"

Nilimpigia hata hivyo. Alishika mara moja. "Huo ni mtego, ndugu yangu. Ukiingia peke yako umeuza wenzako wote. Kaa nyumbani. Wakikosa watu, watatuita mezani wenyewe."

Nikakaa. Na hapa ndipo namtaja wa tatu: ni mimi. Miaka ya nyuma kuna mwenzetu aliingia kazini siku tuliyokubaliana tusiingie. Tangu hapo, saa ya chakula akiketi, sisi tunainuka na sahani zetu. Alikula peke yake mpaka akaacha kazi. Mimi nilikuwa wa kwanza kuinuka. Kwa hivyo asubuhi ile niliogopa sahani kuliko kidonda cha mke wangu.

Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alhamisi karatasi ikabandikwa langoni: aliyekosa kazi siku tatu bila ruhusa ametoroka, si mfanyakazi tena. Ijumaa mke wangu alienda kliniki. Msichana wa dirishani aliingiza kadi kwa mashine, akaitoa, akamrudishia kwa vidole viwili. "Haifanyi, mathe."

Ilichukua miezi kabla ofisi ya leba ya serikali haijatuita. Ofisa aliomba kadi, meneja akazipanga mezani moja moja kama mcheza karata. Zetu zilikuwa tupu siku zile tatu. Ya mama wa Kitui ilikuwa imegongwa. Na moja nyingine pia, asubuhi na jioni, kuanzia siku ya kwanza tuliyofungiwa: ya Katibu.

"Katibu, kumbe ulikuwa ndani?" nikauliza mbele ya wote.

Meneja ndiye alijibu, akitabasamu. Kiongozi wa chama akiwa kwa mikutano na kampuni, alisema, anahesabiwa yuko kazini, na kadi yake hugongewa ofisini. Imeandikwa kwa mkataba.

Katibu aliangalia viatu vyake. "Nilidhani tuna nguvu," akasema. Labda alidhani kweli. Lakini alidhani akiwa amegonga kadi.

Siku hiyo mguu wa mke wangu ulikuwa umeshakatwa, chini ya goti. Tulikuwa tumeosha kidonda nyumbani kwa maji ya chumvi na vitambaa vya kuchemsha, mpaka nyama ikawa nyeusi. Na Makina ina mitaro na mbao za kuvukia. Mkongojo ulizama katikati ya mbao mara mbili, akaanguka. Ndipo tukahamia Kawangware, chumba cha chini kinachoangalia barabara.

Katibu alitutafuta mpaka huko. Alileta unga na kilo mbili za sukari. Mke wangu aliitazama ile sukari.

"Katibu, umekuja kumalizia huu mguu mwingine?"

Alicheka, akaona hakuna anayecheka naye. Akatoa karatasi. Ofisi ya leba ilikuwa imeamua tulitoroka; chama kinakata rufaa, alisema, turudishwe kazini na familia zirudishiwe kadi, na anahitaji saini yangu. Nilikuwa nimengoja sana siku ya kumfukuza mlangoni kwangu. Nikasimama.

"Saini," mke wangu akasema.

"Kwa huyu?"

"Simtaki yeye. Nataka kadi." Akaunyoosha mguu wa kulia. Kisigino kilikuwa na ufa mwembamba, mwekundu ndani. "Hapa napo sisikii kitu."

Nikasaini. Nikamwambia Katibu kwamba sasa kila kikao nitakuja, na mlango atakaoingia yeye ndio nitaingia mimi.

"Haina haja, ndugu yangu."

"Nakuuliza, kikao ni saa ngapi?"