Njano, Namba Ishirini na Tano

Watu wa maabara walimwita Profesa, na katika miaka yote aliyofanya kazi pale hakuwahi kugundua kwamba wanamcheka. Kazi yake ilikuwa kusafisha vizimba vya panya weupe, kuwapa chakula na maji, na kuwapima uzito kila Jumatatu. Aliifanya kwa miaka kumi na tisa, na tusimdhulumu, aliifanya vizuri. Panya aliyekwisha kumng'ata mtafiti mwenye shahada tatu alitulia kwenye kiganja chake kama soksi. Lakini ukikaa na wasomi muda wote huo, ukasikia maneno yao huku umeshika ufagio, kichwa kinaweza kuvimba. Cha Profesa kilivimba mpaka mlango wa maabara ukawa mwembamba.

Koti jeupe la kazini alirudi nalo nyumbani. Jirani akija na mtoto mwenye kikohozi, Profesa alimtazama mtoto ulimi, akanyamaza kidogo, kisha akasema "Hmm." Hiyo "Hmm" alikuwa ameiokota kwa Daktari, mkuu wa maabara, mama mpole asiyependa maneno mengi. Majirani waliondoka wameridhika. Alichokuwa nacho mtaani ni ile "Hmm" na lile koti, basi.

Mwaka huo Daktari alianzisha utafiti wa chakula, homoni na kisukari. Panya sabini na wawili waligawanywa makundi matatu, na kila kizimba kikabandikwa kadi: nyekundu, bluu au njano. Magunia ya chakula nayo yalifungwa utepe wa rangi hizo hizo. Wiki ya kwanza panya wote walichomwa sindano, kila kundi na dawa yake. Maana ya rangi iliandikwa kwenye karatasi, karatasi ikatiwa kwenye bahasha, bahasha ikafungiwa kabatini.

"Na mimi nisijue?" Profesa aliuliza.

"Wewe hasa, mzee," Daktari alimjibu. "Ukijua, utaona unachotaka kuona. Hata mimi sipimi mwenyewe kwa sababu hiyo."

Mwingine angeshukuru kupunguziwa mzigo wa kufikiri. Profesa aliona ametukanwa, akaamua kuifungua bahasha kwa akili yake mwenyewe.

Kufika wiki ya sita alikuwa na jibu. Wa nyekundu walinenepa wakawa wanaburuta matumbo, na wawili walikufa. Wa bluu walikuwa panya tu. Lakini wa njano! Walikula kama waliotoka kifungoni, walikunywa maji mpaka chupa zikajazwa mara mbili kwa siku, maranda waliyolalia yaliloa kila asubuhi, na bado kila Jumatatu mizani ilisema wamepungua. Profesa alipiga paja. Chakula cha njano kinayeyusha mafuta, na maji yanayatoa nje! Aliona pia kwamba manyoya yao yamesimama na hawachezi tena. Akajiambia wametulia.

Nyumbani alikuwa na mkewe, mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, mwenye kisukari mwaka wa nane. Muuguzi wa kliniki alikuwa amemwambia mambo mawili: apunguze mwili, na asiache vidonge hata siku moja. Profesa alilisikia la kwanza.

Akaanza kuiba. Kila jioni alitoka na konzi mbili za chakula cha njano mfukoni mwa koti, akazitwanga, akapika uji wa rangi ya udongo unaonuka ghala. Mkewe aliunywa amefumba macho.

"Na vidonge?" alimuuliza siku ya kwanza.

"Panya wa njano hawamezi vidonge," alisema Profesa, akaviweka juu ya kabati, asikofika mkewe.

Mwanamke yule hakuwa mjinga. Alikuwa na kosa moja, kubwa kuliko ujinga: alimwamini mume wake. Miaka yote alijivunia lile koti, alilifua kwa mikono yake na kulipiga pasi kola. Mume akisema hiki ni chakula cha maabara, nani yeye wa kubisha?

Kila Jumatatu, akishapima panya, Profesa alirudi nyumbani akampima mke. Aliandika kwenye daftari lile lile, ukurasa wa mwisho. Panya wa njano walikuwa ishirini na wanne, kwa hiyo juu ya safu ya mkewe aliandika: Njano, namba ishirini na tano. Alimwonyesha, na mkewe akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Wenzangu hawajambo?" ikawa ndiyo salamu yake kila mume akirudi kazini.

"Hawajambo, wanakusalimu."

Akapungua kweli. Kilo nne, kilo saba, kilo kumi na moja. Binti yao, mshonaji, alizipunguza nguo za mama yake mara tatu. Mara ya nne aliweka mkasi chini.

"Baba, mama anakwisha."

"Anapungua. Kuna tofauti."

"Anakunywa ndoo nzima kwa siku. Anaamka kwenda chooni mpaka alfajiri. Jana alishindwa kutunga uzi kwenye sindano, anasema anaona ukungu. Na kile kidonda cha kidole, Baba, umekinusa?"

"Mwili unajisafisha," alisema Profesa. Kisha akamwangalia binti yake kwa huruma, namna Daktari anavyowaangalia wasioelewa. "Hmm."

Binti alitaka kumpeleka mama yake kliniki kwa nguvu. Mama mwenyewe ndiye aliyekataa. Alisema hawezi kumwaibisha baba yao kwa kukimbilia kwa muuguzi, wakati nyumbani ana mtu wa utafiti.

Wiki ya kumi na nne, Alhamisi asubuhi, Daktari aliwaita wafanyakazi wote, akafungua bahasha. Profesa alisimama mbele kabisa. Alikuwa amepanga namna ya kutabasamu.

"Bluu," Daktari alisoma, "chakula cha kawaida, sindano ya maji ya chumvi tu. Nyekundu, chakula cha mafuta na sukari, sindano ya maji ya chumvi. Njano, chakula cha kawaida."

"Cha kawaida kipi?" Profesa alidakia.

"Kile kile cha bluu, mzee. Gunia moja, utepe tofauti. Tofauti yao ni sindano. Wa njano tuliwaharibia sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini. Tuliwatia kisukari."

"Lakini walikonda. Walikuwa wanapona."

"Walikuwa wanakufa. Sukari inabaki kwenye damu, mwili unakosa chakula, unaanza kujila wenyewe. Ile kiu na ule mkojo ndizo dalili zenyewe. Umeziandika vizuri sana, nakushukuru." Daktari akakunja karatasi. "Wamebaki tisa, na hao hawamalizi mwezi."

Profesa alitoka bila kuaga, na koti mwilini. Alikimbia kwa miguu yake ya miaka sitini, na watu wa mtaani walimpisha wakidhani anawahi mgonjwa wa mtu.

Alimkuta mkewe sakafuni, kichwa kwenye mapaja ya binti yao, anahema haraka haraka, pumzi inanuka matunda yaliyooza. Teksi ilikuwa imekwisha kuitwa.

Hospitalini daktari wa zamu alifunua mguu, akaufunika tena. Alimvuta binti pembeni, lakini chumba kilikuwa kidogo na kila kitu kilisikika. Mguu hauokoki, alisema. Kwa sasa wanapigania roho, na hawezi kumwahidi kitu. Kisha akarudi kitandani na faili.

"Vidonge aliacha lini?"

"Wiki ya nane hii," alisema binti.

"Nani alimwambia aache?"

Binti alimgeukia baba yake. Profesa aliitazama sakafu, na sakafu haikumsaidia. Mgonjwa akafungua macho.

"Mume wangu," alisema. Pumzi ilikuwa haimtoshi, lakini fahari ilimtosha. "Ni mtaalamu. Wa utafiti."

Daktari wa zamu alimtazama mzee, akalitazama koti. Sauti yake ikalegea kidogo, ikawa ya mtu anayezungumza na mwenzake.

"Samahani, sikujua. Mtaalamu wa nini?"

Profesa alifungua mdomo. Safari hii hata "Hmm" haikutoka.

"Nasafisha vizimba," alisema mwishowe. "Vya panya."

Mkono wa mkewe, mfupa na ngozi, ulitambaa juu ya shuka mpaka ukaufikia mkono wa koti. Akalinyoosha kunjo.

"Usimsikilize, daktari," alisema. "Ndivyo alivyo huyu. Hapendi kujikweza."